Shikamoo ya Mzee Matonya

Mzee Matonya, dalali wa mahindi pale Kibaigwa, alikuwa mtu wa kudai shikamoo yake. Ukimpita bila kumwamkia alikuita urudi, hata kama una gunia kichwani. Siku alipoteleza juu ya lori na kuangukia kisogo, aliinuka mwenyewe, akajikung'uta vumbi, akafika kituo cha afya kwa miguu yake. Hapo akamtazama muuguzi Jenifa, binti wa miaka ishirini na minne, akasema, "Shikamoo."

Madalali wenzake waliomsindikiza waliangua kicheko. Kwa utani mzee hajambo, walisema. Jenifa hakucheka. Alimuuliza leo ni siku gani, akajibiwa mahindi bado mabichi. Punde mzee akatapika, kisha akaanza kusinzia.

Mwanawe, Gerson, alikuwa ameshaleta gari mlangoni. Baba hana hata jeraha, alisema, akapumzike nyumbani. Jenifa akamweleza kuwa kichwa huweza kuvuja damu ndani kwa ndani, na kwamba usingizi ule ndio hasa anaouogopa. Gerson akamwambia ubwabwa wa shingo haujamtoka, asimfundishe kumtunza baba yake. Madalali wakaitikia. Daktari alikuwa chumba cha upasuaji na mama mjamzito, kwa hiyo Jenifa alikuwa peke yake, na wote wale ni wakubwa kwake.

Tuseme ukweli, aliogopa. Lakini aliliita gari la wagonjwa kwa simu, akafunga mlango kwa komeo, akauegemea kwa mgongo.

"Hapa hatoki mtu mpaka gari la wagonjwa lije," alisema. "Kaka Gerson, lini baba yako amewahi kumwamkia mtoto?"

Gerson akamgeukia baba yake, akamtazama vizuri kwa mara ya kwanza tangu aanguke.

Gari lilipofika, njia nzima hadi hospitali ya Dodoma Jenifa alikishika kichwa kile kisicheze, akimwita mzee kwa jina na kummulika macho kwa tochi. Karibu na mjini mboni moja ilikuwa imepanuka kuliko nyingine. Dereva akakanyaga mafuta. Mzee alipasuliwa siku hiyohiyo.

Wiki ya tatu Gerson alipiga simu, mpole kama si yeye, akampa baba yake aongee. Jenifa, machozi yakimlengalenga, akamuuliza anaendeleaje.

Sauti kavu ikasema, "Wewe binti, shikamoo yangu iko wapi?"

Jenifa akampa mbili: moja ya leo, na moja ya siku ile alipoanguka.