Mkono wa Bi Dhahabu

Saa moja asubuhi Badi alikuwa kisimani nyuma ya dipo la mafuta, Changamwe, akiengua dizeli juu ya maji kwa kipande cha godoro, kama kila siku. Bomba la dipo lilikuwa likivuja chini kwa chini mwaka wa tatu sasa. Wardah, binti yake wa miaka sita, miguu ilikuwa vidonda vitupu.

Wakaguzi wangekuja Jumanne. Wakiyaona mafuta na ile miguu, dipo lingelazimishwa kuziba bomba.

Shida ilikuwa jirani yake, Bi Dhahabu. Mama huyo alikuwa ameanza kula dizeli. Aliyanywa maji vivyo hivyo, akanenepa, vidonda vikafunga, ngozi ikang'aa. Valarie wa maabara, aliyekuja kuchota tope kwenye vichupa, alisema ndivyo bakteria wa humo wanavyofanya. Anayejua kula mafuta humgusa asiyejua, akamwachia kipande cha ujuzi wake, hata kama si wa ukoo mmoja, na huyo naye anaanza kula.

"Sasa kipande hicho kimefika kwa watu," alisema, akafunga kichupa.

Kilipita mkononi. Aliyesalimiana na Bi Dhahabu asubuhi, jioni alikuwa akilamba ndoo. Ijumaa palikuwa na hitima, watu wakala sinia moja, mtaa mzima ukapona, isipokuwa Badi na bintiye, ambao hawakwenda. Kufikia Jumapili kisima hakikuwa na hata tone la mafuta. Ushahidi uliobaki ni miguu ya Wardah. Badi akawa anatembea mikono mfukoni.

"We Badi, umekuwa sultani? Hata mkono hutoi?" Bi Dhahabu alimuuliza.

"Mpaka Jumanne, Bi."

"Na mtoto ajikune mpaka Jumanne? Wallahi una roho ngumu."

Jumatatu Bi Dhahabu alipita mlangoni. Wardah, aliyelelewa akaleleka, alichechemea mpaka kwake.

"Shikamoo, Bi."

"Marahaba, mwanangu."

Mtoto akainama kuubusu mkono. Badi alikuwa karibu, angeweza kumshika gauni. Hakumshika.

Jumanne wakaguzi walipima maji: safi. Udongo: safi. Wakaitazama miguu ya Wardah, laini kama ya mtoto mchanga.

"Sasa wewe unalalamikia nini?" mkubwa wao aliuliza.

"Bomba linavuja."

"Na mafuta yako wapi?"

"Tumeyala."

Mkaguzi akaandika hilo, akamuuliza Badi jina lake linaandikwaje. Alhamisi dipo likaleta mafundi, wakaunganisha bomba la pili, wakalipitisha chini ya kisima. Hilo nalo likavuja.

Badi akampeleka Wardah kwa shangazi yake, Kisauni. Huko mtoto alipewa maji matamu, yasiyo na mafuta, akayatema. Akapewa uji, akautema. Siku ya tatu hakuweza kusimama. Shangazi akapiga simu, na Badi akavuka na mtungi wa maji ya Changamwe, umefungwa nailoni mdomoni watu wasilalamikie harufu.

Wardah alikunywa nusu mtungi bila kupumzika. Akajipangusa mdomo.

"Baba, mbona umechelewa?"