Nyumba Kwanza, Ndoa Baadaye

Dada yangu Khethiwe alinunua soksi kwa mkopo. Pesa alikuwa nazo mkononi, dukani hapo hapo, lakini akafungua akaunti, akachukua soksi pea tatu, akawa anazilipia kidogo kidogo kila mwezi kama mtu anayelipia lori. Mimi nilicheka mpaka nikakaa chini.

"Cheka tu, Mzamo," akaniambia. "Benki haimkopeshi mtu ambaye hajawahi kukopa. Inataka kuona unavyolipa. Sasa mimi naionyesha."

Akaionyesha miaka minne. Alikuwa msimamizi kwenye kiwanda cha viatu hapa Pietermaritzburg, upande wa kushona soli, na alilala chumba cha uani kwa mama, mtaa wa Imbali, chini ya bati linalovuja. Hakununua gari. Krismasi watu wakiteremka Durban kuoga bahari, yeye alibaki anafua. Ukimletea kadi ya mchango wa harusi anakupa shuka moja na pongezi nyingi.

Mchumba alikuwa naye: Mfanafuthi Cele, sisi tukimwita Futhi, fundi wa kufunga madishi ya televisheni. Mcheshi, mtanashati, mkono wazi. Huo mkono wazi ndio uliokuwa tatizo. Aliwahi kununua gari kwa mkopo, likaja kuchukuliwa mbele ya majirani, na jina lake likachafuka katika kila benki ya nchi hii. Khethiwe alijua yote. Ndiyo maana akaweka sheria yake: nyumba kwanza, ndoa baadaye. Nyumba iandikwe kwa jina lake peke yake. Ikishaandikwa, waende kwa wakili waweke mkataba wa kila mtu na chake. Halafu ndipo wazee waitane.

"Hivi wewe unanipenda au unanikagua?" Futhi alimuuliza siku moja mbele yetu.

"Wewe nakupenda," dada akajibu. "Ninachokagua ni madeni yako."

Nyumba yenyewe akaipata Northdale, kwa mjane mmoja wa Kihindi, Bi. Moodliar, aliyekuwa anahamia Australia kwa binti yake. Vyumba viwili, kibaraza cha vigae vyekundu, jikoni lenye dirisha la kutazama kilima. Yule mama alimpenda Khethiwe, akamkaangia sambusa, akamwonyesha bomba linalohitaji kupigwa ngumi ndipo litoe maji ya moto. Na benki ikakubali. Bei yote! Siku ile dada alikuja na barua ya benki akamsomea mama, akanisomea mimi, na nadhani na mbwa alisomewa.

Kumbe benki inanunua nyumba, haikulipii kuihamishia jina lako. Kuna mawakili wa kuandika hati na mawakili wa kuandika mkopo, na wote wanakula. Khethiwe alikuwa ameweka akiba ya hilo, lakini hesabu ilipokuja alikuwa na nusu tu. Mwisho wa mwezi Bi. Moodliar anapanda ndege, na kulikuwa na mnunuzi mwingine anayezunguka geti na pesa taslimu.

Basi tukakaa jikoni kwa mama. Akaja pia Baba Mdogo Zwelakhe, mdogo wake marehemu baba, ambaye kukiwa na kikao na chai haitwi, anasikia harufu.

"Mnalia nini na pesa ipo?" akasema. "Mwambieni huyo kijana wa Cele alete ng'ombe."

"Baba Mdogo, nilishasema," Khethiwe akamjibu. "Ndoa baadaye."

"Nani kataja ndoa? Nimetaja ng'ombe. Mahari ni mazungumzo, mwanangu. Watu wanakutana, wanasalimiana, wanapeana bahasha. Ndoa ni kanisani, gauni jeupe, keki. Umeona keki hapa?"

"Mahari ya binti hailiwi na nyumba, Zwelakhe," mama akasema.

"Afadhali iliwe na nyumba, shemeji, kuliko niile mimi. Unanijua."

Hapo tukacheka wote, kwa sababu tulimjua. Khethiwe alikuwa wa mwisho kucheka. Akatazama barua ya mawakili, akatazama bati. "Mazungumzo tu?" akauliza. "Mazungumzo tu," Baba Mdogo akaapa kwa kaburi la kaka yake. Jioni ile dada akampigia Futhi simu, na Futhi akasema neno moja ambalo lilitufurahisha sana wakati ule: "Nitapata."

Jumamosi wajumbe wa Cele walikuja asubuhi, watu watatu, wakasimama getini wakituita kwa jina la sifa la ukoo wetu. "Nondaba! Nondaba! Tumekuja kuomba ukoo!" Mimi ndiye niliyekuwa mlinda geti, na kazi hiyo niliifanya kwa roho yangu yote. Nikawaacha kwenye jua mpaka mmoja akavua koti, nikamtoza faini ya kuvua koti mbele ya wakwe. Mwingine nikamtoza ya viatu vya kahawia.

"Viatu vya kahawia vina kosa gani?" akauliza.

"Vinafanana na ng'ombe ambao hamjaleta."

Akalipa huku anacheka. Ndani wakalipia kufungua mdomo, wakalipia kikohozi cha Baba Mdogo, wakabishana na kubembelezana mpaka bahasha ikakaa mezani, nene, na mama akaipeleka chumbani.

Kama tungeishia hapo! Lakini furaha haina breki. Baba Mdogo akasema wakwe hawaondoki na tumbo tupu, akanunua mbuzi. Mbuzi akishachinjwa, nyongo itamwagwa wapi kama si juu ya watoto, ili marehemu wawatambue? Futhi akaitwa, akaja na suti. Khethiwe akavishwa shela na kofia nyekundu ya wake za watu, mama yake Futhi akaja akampokea kwa kilemba, wanawake wa mtaa mzima wakapiga vigelegele, na wote wawili wakafungwa mkononi kile kikuku cha ngozi mbichi ya mbuzi. Kikuku hicho hakikatwi. Unakivaa mpaka kikauke na kudondoka chenyewe. Nilimwona dada anacheza. Sikuwahi kumwona anacheza hivyo, na nilicheza naye.

Jumatatu akalipa mawakili. Jumanne tukaenda kusaini, mimi nikiwa kama dereva wa gari la kuazima.

Wakili alikuwa mama wa makamo, MaNgcobo, mwenye miwani ya kamba. Ofisi ndogo, madirisha yamefungwa kwa ajili ya kiyoyozi. Khethiwe alivaa mikono mirefu, na ilikuwa Februari, joto la kukaanga yai juu ya bati. Karatasi zikapangwa. Akasaini ya kwanza, akasaini ya pili. MaNgcobo akanusa. Akanitazama mimi kwanza.

"Samahani. Kuna mtu kakanyaga kitu?"

Nikainua viatu vyangu vyote viwili. Visafi.

Akanusa tena, pole pole, halafu macho yake yakaenda kwenye mkono wa dada yangu uliokuwa juu ya karatasi. Akaweka kalamu chini.

"Binti Zondi. Hiyo ngozi ya mbuzi ni ya nini?"

"Ya... nyumbani tu, mama. Mazungumzo."

"Mazungumzo gani yanayochinja? Mahari imepokelewa?"

"Imepokelewa."

"Nyongo ilimwagwa? Walikuvika kilemba? Wakwe walikupokea?"

Khethiwe akavuta mkono wa blauzi juu ya kikuku. Mimi ndiye niliyefungua mdomo kama mpumbavu: "Lakini keki haikuwepo, mama."

MaNgcobo hakucheka. Akavua miwani. "Mwanangu, karatasi iliyo mbele yako inasema hujaolewa, na unaisaini kwa kiapo. Sheria ya nchi hii haitafuti keki. Mila ikishatimia, hiyo ni ndoa, sawasawa na ya kanisani. Na mkioana bila mkataba, kila kitu ni cha wote wawili. Mali zenu, na madeni yenu."

"Tuandike mkataba leo," Khethiwe akasema haraka. "Nakulipa leo leo."

"Huo unaandikwa kabla. Baada ya hapo mnakwenda mahakama kuu kuomba, na kila anayemdai mumeo lazima ajulishwe kwanza. Ni miezi."

"Bi. Moodliar anaondoka mwisho wa mwezi."

"Najua. Mimi ndiye ninayemwandikia."

"Kama usingenusa," dada akasema kwa sauti ndogo.

"Kama nisingenusa ungeapa uongo, na siku ukigombana na mumeo angekuja na picha za mbuzi akadai nusu." Akasogeza karatasi upande wake. "Mlete na mumeo Ijumaa. Benki ikimkubali, sawa. Au nileteeni wazee wa pande zote mbili waape kwamba haikuwa ndoa."

Kwenye gari nilimwambia dada tukate ile ngozi, tuseme mbwa kaila. Alikuwa anatazama mbele kana kwamba barabara imeandikwa kitu.

Nyumbani Baba Mdogo alikubali kuapa kabla hatujamaliza kueleza. "Naapa! Sikuona mbuzi, sikula mbuzi."

"Una mfupa kwenye meno, Zwelakhe," mama akamwambia.

Lakini pande zote mbili maana yake ni pamoja na Cele. Khethiwe akampigia mama mkwe, akaweka simu mezani tusikie. Akaeleza kwa adabu zote. Sauti ya yule mama ikaja tulivu kabisa.

"Mkwe wangu, mimi nilikufunga kilemba kwa mikono yangu. Sasa unaniomba niape kwamba nilikuwa nafunga mzigo?"

"Ni kwa ajili ya nyumba tu, mama. Nyumba ya mwanao pia."

"Sawa. Kama hamkuoana, mtarudisha ng'ombe. Leo."

Ng'ombe walikuwa kwa mawakili. Simu ikakatika, na saa hiyo hiyo Futhi akaingia na kofia yake ya kazini, anatabasamu, akaona nyuso zetu, akaacha.

Khethiwe akamweleza. Futhi akakaa. Akasugua magoti.

"Nipeleke tu Ijumaa," akasema. "Deni la gari ni la zamani. Labda wamesahau."

"Benki haisahau, Futhi. Kuna deni lingine?"

"Dogo dogo."

"Futhi."

Akatazama kikuku chake. "Zile pesa za mahari."

"Zimefanya nini?"

"Nilikopa. Kwa yule jamaa anayekopesha mtaa wa nane, na kidogo kwa kampuni ya mikopo ya pale stendi. Ulisema nyumba itaponyoka, Khethi. Ningekwambia sina?"

Mama alianza kukunja kitambaa cha meza ambacho hakikuhitaji kukunjwa. Halafu dada yangu akaanza kucheka, na mimi nikacheka kwa mazoea, nikaacha nilipouona uso wake.

"Kwa hiyo tumeoana," akasema, "na deni lako ni langu. Na deni lenyewe ni mahari yangu. Baba Mdogo, umesikia? Najitolea mahari mwenyewe. Kwa riba."

Baba Mdogo, kwa mara ya kwanza tangu nimjue, aliacha chai yake.

Ijumaa walikwenda wote wawili. Walisema ukweli, wakajaza fomu upya. Benki haikuchukua hata wiki kukataa. Barua ya safari hii haikusomewa mtu. Mawakili wakakata gharama ya kazi waliyokwisha kufanya, wakarudisha kilichobaki, na jamaa wa mtaa wa nane akakipokea chote na kusema hiyo ni riba tu, deni lenyewe bado limekaa. Bi. Moodliar alipiga simu akilia, akasema atamwombea, na nyumba akamuuzia yule wa pesa taslimu. Huyo hakuishi hata siku moja pale. Amegawanya vyumba kwa mbao, anapangisha wanafunzi.

Futhi alishindwa kodi ya chumba chake, akahamia cha dada, uani kwetu. Alikuja na kitanda kizuri, godoro, na dishi. Ni mume mwema, sitamsingizia. Mshahara wake anaukabidhi wote mkononi. Alipanda juu ya lile bati na lami, akaziba, na mvua ikatafuta pengine.

Nilikuwepo Jumamosi moja nikinywa chai mlangoni kwao. Futhi alikuwa anamsaidia kukunja nguo.

"Wanasema miaka mitano majina yanasafishika," akasema. "Miaka mitano itapita tu, mke wangu."

"Itapita."

"Halafu tunaanza upya."

"Nyumba kama ile, miaka mitano ijayo, unajua itakuwa bei gani?"

"Sijui."

"Mimi nilipiga hesabu," Khethiwe akasema.

Futhi akangoja amwambie. Dada akachukua shati jingine akalikunja. Baadaye Futhi akauliza taratibu, kama anayeuliza kuhusu hali ya hewa, "Unafikiria kuniacha?"

"Nikikuacha tunagawana nusu kwa nusu," dada akajibu. "Kinachogawanyika ni nini?"

Akachukua kopo lake la chakula, ugali na maharage ya jana, akavaa viatu vya kazini. Kiwandani Jumamosi wanalipa mara moja na nusu, na jamaa wa mtaa wa nane huja Jumapili, baada ya ibada.