Sahani za Gulwe

Jioni ile Lameck alikuwa amevua kiatu anaangalia kidonda cha dole gumba, sahani ya kwanza ikafika. Ilikuwa sahani ya bati yenye ukingo wa buluu, ina ugali wa uwele na mlenda, mvuke bado unapanda. Ilitua mezani kati ya redio na dawa zake za sukari. Mkewe Frida alidhani ni ya jirani, akasema kesho wakashukuru.

Penina, mama yake Lameck, ndiye aliyeitambua. "Hii yangu," alisema. "Mama mkwe aliniondolea kule Gulwe, nina mimba yako. Hata hapo ilipobanduka rangi napajua."

Kila jioni ikaja nyingine. Mayai ya kuchemsha, maziwa ya mgando, siku moja paja zima la kuku. Penina alizikumbuka zote. Wifi yake alikufa mtoto amekwama, hospitali iko mbali, na tangu siku hiyo ukoo ule uliogopa mtoto mkubwa kuliko ulivyoogopa njaa. Mjamzito akapunguziwa chakula ili kiumbe kisinenepe tumboni.

"Na wewe ulitoka kama punje ya karanga," alimwambia Lameck, anacheka. "Hata kelele sikupiga." Hiyo ndiyo ilikuwa fahari yake maishani, na alimsimulia kila aliyekubali kukaa.

Punje yenyewe sasa ilikuwa fundi wa kuchomelea mageti pale Chang'ombe, ina kitambi, presha na sukari. Na wala Lameck hakuwa mlafi, jamani. Alikuwa anakula kama watu wengine, na watu wengine hawakuwa wanaoza kidole.

Kliniki, muuguzi Khairat alimsikiliza habari za sahani huku anafunga bandeji.

"Zinawajia wengi wakifika umri wako, kaka. Mwili wako ulijengwa kwa kubana tangu tumboni, ukajiandaa kwa njaa. Sasa shibe inaushinda. Hizo usiziguse, zimechelewa. Mkeo ana mimba?"

"Anayo."

"Basi mpe yeye."

Ushauri mzuri, maana Frida alikuwa analala njaa. Penina alikuwa amehamia kwao kuitunza hiyo mimba, na kuitunza kwenyewe kulikuwa huku: Frida akishakula matonge mawili matatu, sahani inaondolewa, inafunikwa, inafungiwa kabatini. Yai lilikuwa marufuku.

"Huyo muuguzi amezaa wangapi?" Penina aliuliza Lameck alipomfikishia maneno ya kliniki. "Mimi nimeshazika wifi, sitaki kuzika mkwe. Akipasuliwa tumbo, utamuunga wewe na mashine yako ya mageti?"

Kwa wateja Lameck alikuwa na mdomo kama cherehani, mbele ya mama yake alikuwa bubu.

Siku iliyofuata Frida alichukua yai kwenye sahani ya Gulwe, akalimenya. Penina akamshika mkono, akamfungua vidole kimoja kimoja mpaka yai likatoka.

"Lameck, sema kitu basi," Frida alisema. "Nina njaa. Na huyu humu ndani ana njaa, ananikwaruza."

Lameck aliona aibu mpaka shingo ikamwasha. "Msikilize mama," alisema, akaongeza sauti ya redio.

Chakula cha Gulwe kikawa kinamwagwa nje. Mbwa jike wa jirani, naye alikuwa na mimba, alikula chote akalamba na vumbi. Alizaa watoto wanene, manyoya yanang'aa, wapita njia wakawa wanasimama kuulizia bei.

Lameck alikatwa dole gumba, kisha mguu chini ya goti. Wiki hiyohiyo Frida alijifungua. Mtoto wa kike alitoka upesi, mkunga hajamaliza hata kuvaa glavu. Alikuwa mdogo sana, ngozi imekunjamana. Penina alipiga vigelegele mpaka wakamtoa wodini.

"Mmeona?" alisema. "Si mmeona wenyewe?" Lameck, kwenye kiti chake cha magurudumu, alicheka kwa furaha ya kweli.

Siku hiyo hakuna sahani iliyofika kutoka Gulwe, wala haikufika tena.

Waliporudi nyumbani Frida alikwenda jikoni, akafungua kabati. Lilikuwa tupu.

"Mama, sahani zangu ziko wapi? Zile ulizokuwa unaniondolea?"

Penina alikuwa anampaka mtoto mafuta. Alimpima paja kwa vidole viwili, akaridhika.

"Zimeshaondoka," alisema. "Usihangaike, mwanangu. Zangu si zilifika?"

Frida akampokea mtoto, akaketi, akamwekea titi mdomoni. Kisha akaanza kumtajia kilichokuwa kwenye kila sahani, moja baada ya nyingine, taratibu, ili zikija azijue.