Kivuli cha Mita Ishirini na Mbili

Ijumaa ile Mzee Rasim alivua viatu kwenye duka la matairi, akavipanga mlangoni, akaswali rakaa mbili za kuamkia msikiti mbele ya rundo la matairi ya theluji. Mwenye duka, Mswisi mstaarabu, alisubiri mpaka mzee akatoa salamu, ndipo akamwambia msikiti ni mlango wa nne.

Ilikuwa mara ya tatu. Macho ya mzee yalikuwa yamekwisha, na katika mtaa ule wa magereji milango ya chuma ilifanana yote. Sheria ya nchi ilikataza kujenga mnara wa msikiti. Hata kibao kidogo cha mlangoni manispaa ilikuwa imekikataa mara mbili. Mkamwana wake, Sabaheta, alitaka kumshika mkono, mzee akagoma. Kwao Bosnia alikwenda msikitini kwa miguu yake tangu ana miaka sita; hakuwa tayari kukokotwa kama mbuzi. Basi aswali nyumbani, Sabaheta akasema. Neno hilo lilimuuma.

Ijumaa iliyofuata kivuli cha mnara kilikuwa kimelala barabarani, kutoka mlango wa nne mpaka kituo cha basi. Mnara wenyewe haukuwepo. Kivuli kilikuwa na ubaridi wake, mzee akausikia shavuni, akaufuata taratibu mpaka safu ya mbele. Waumini wakasogea kumpisha.

Mwezi Julai akaja Bwana Ruckstuhl wa manispaa na futikamba. Akapima: mita ishirini na mbili, pamoja na mwezi mwandamo wa kileleni. Mzee Rasim akamtolea kahawa na kibonge cha sukari.

“Mnatakiwa mkiondoe ndani ya siku thelathini,” alisema Bwana Ruckstuhl. Alikuwa amesimama ndani ya kivuli, maana jua lilikuwa kali.

“Tukiondoe vipi, mwanangu? Kwa ufagio?”

Bwana Ruckstuhl akaandika: ufagio. Siku ya thelathini waumini wakafagia, wakatia saini fomu. Kivuli kikabaki palepale, kisafi zaidi.

Majani yalipoanza kupukutika, ikaja barua. Kibao kilikuwa kimekataliwa mara ya tatu, kwa kuwa kingeharibu sura ya mtaa. Sabaheta akamsomea mpaka mwisho.

“Alhamdulillahi,” alisema mzee, akatafuta kofia yake. “Leo Ijumaa.”

Alishuka basi peke yake, akasubiri mpaka shavu likapoa. Alipopita duka la matairi akamsalimu mwenyewe kwa jina. Mlango wa nne haukuwa na alama yoyote. Akavua viatu.