Skrini ya Pili

…na bado ni nyeusi, inaniandikia kwamba haijaunganishwa na kitu, wakati waya huu hapa mkononi mwangu, nimeuchomeka mwenyewe, nusu, nusu tu, Mungu nisamehe, na kaka Rubeni ameinama upande wa pili wa meza anafuta vumbi kwenye kioo kwa mkono wa shati, kioo chake mwenyewe, cha mezani kwake, amekibeba yeye mwenyewe kuja kuniwekea, "Tabita, jaribu kuzima uwashe," nazima, nawasha, najua haitawaka, nje malori yanapiga honi foleni nzima mpaka mpakani, na Bosi Yassir asubuhi alisema kwa sauti ya chini kama anaagiza chai, ukiwa na skrini mbili huhitaji mtu wa kukusomea, ya forodha ya Tanzania kushoto, ya Zambia kulia, unanakili mwenyewe, Rubeni tutamwambia jioni kwamba kazi yake imekwisha… miaka minne kaka ananisomea, namba ya lori, namba ya kontena, tarakimu moja moja, mimi naandika, mpaka nikiwa nyumbani napika naisikia sauti yake, sita, sita, nane… nane! siku ile alisoma nane, niliisikia vizuri, nikaandika sita kwa sababu nilikuwa nachati, na lori likalala Nakonde, upande wa Zambia, siku sita, dereva anapiga simu analia, bosi anafoka, nani, nani kafanya hivi, na kabla sijafungua mdomo kaka akasema mimi bosi, nilisoma vibaya, akanikinga kwa kuwa mimi nilikuwa na mtoto wa miezi mitatu, basi, hakuwahi kulitaja tena, ila bosi hakusahau, leo asubuhi amelitaja, "yule ana makosa, wewe huna," na mimi nikasema nini? nikasema sawa bosi, nikasema sawa! ningeweza kumwambia, mlango wake ule pale uko wazi, hatua kumi tu, naogopa, ndiyo ukweli, naogopa, "labda skrini imekufa, kaka, tuirudishe mezani kwako," nasema, ananitazama, meza yake, sasa ndiyo naiona meza yake, kikombe hakipo, picha ya mkewe Marta na watoto haipo, Biblia yake ndogo haipo, mfuko wa rambo umefungwa fundo chini ya kiti, tangu saa ngapi, tangu saa ngapi anajua? "Skrini nzima hiyo, mdogo wangu, waya umeuacha nusu. Sukuma." Anasema taratibu, vilevile anavyosoma tarakimu ili nisikosee, "sukuma tu, mimi nimeshafungasha," na vidole vyangu viko pale pale kwenye waya, honi zinalia, mlango wa bosi uko wazi, na kwenye kioo cheusi tunaonekana wote wawili, yeye kasimama, mimi nimekaa, kikiwaka hatutaonekana tena, na sisukumi, wala siinuki…