Mkono Ulioshika Kinyonga

Obed wa Kyimo hakuwahi kumgusa kinyonga mpaka soko huria lilipomfuata mlangoni. Na nani kwao aliwahi? Ukimkuta njiani unatema mate chini, unakwenda zako. Aliyemshika hapokelewi chakula wala hapewi mkono, hata kanisani benchi lake hukaa tupu. Ndivyo walivyolelewa.

Mwaka ule chama cha ushirika kilikuwa kimekufa, na kahawa ilinunuliwa na yeyote mwenye gari, kwa bei aipendayo mwenyewe. Mkewe, Jenifer, alikuwa amelazwa hospitali ya Igogwe akingoja kupasuliwa uvimbe wa tumbo. Obed alimwomba shemeji yake Simon auze ng'ombe mmoja. Akajibiwa ng'ombe hawauzwi. Ndipo akaja Fred, mfanyabiashara wa mjini, viatu vyake havijui tope, kitabu cha picha kwapani.

"Hiki ni kisiwa cha Madagaska, mzee." Akafunua. Wamo komba wenye mikia ya pete nyeusi na nyeupe, vyura wekundu kama nyanya, vinyonga wakubwa kama paka. "Wazungu wanawafuga majumbani. Wenye kisiwa wamestuka, wamefunga mlango. Sasa Wazungu wanataka vinyonga wa kwenu huku, wa pembe tatu. Nijazie kreti moja, mkeo atapasuliwa."

Obed alikitazama kitabu kile kwa wivu. Ndiyo, wivu. Wanyama wa kisiwani walikuwa na picha zao na watu wa kuwahurumia. Wa kwao Rungwe walitemewa mate tu.

Akapanda msituni. Wa kwanza alipomkanyaga kiganjani, mwili ulimsisimka, nusura amtupe. Akamkumbuka Jenifer, akafumba macho, akamtia kwenye kreti. Na wengine vivyo hivyo, macho kayafumba. Hapo ndipo alipoharibu, maskini. Angewahi kuwatazama angejua kwamba madume hawakai pamoja. Lakini angefundishwa na nani, kwa watu wanaotema mate na kupita?

Fred alipofungua kreti aliwakuta wamechomana pembe, wengi wamekufa, waliobaki wametoboka macho. "Mzoga siuzi, mzee." Akawasha gari lake. Pole yenyewe hakusema, mshenzi yule.

Obed akanawa mikono kwa majivu mpaka ngozi ikachubuka, akapika ndizi na maharage, akashika njia ya Igogwe. Umbea ulikuwa umeshamtangulia. Jenifer, aliyekuwa akilishwa kwa mkono huohuo, akalisukuma bakuli.

"Ulimshika, baba Meshaki?"

"Nilimshika kwa ajili yako."

"Najua." Machozi yalimtoka, maana alimpenda mumewe. "Kaka Simon ameuza ng'ombe. Nitapasuliwa."

"Si alikataa?"

"Alikataa. Aliposikia habari za vinyonga akauza. Anasema nikipona nirudi kwake, nisirudi kwako."

Yaani aibu iliweza kumtoa ng'ombe zizini, ugonjwa wa dada haukuweza. Obed alitaka kutukana, akajizuia kwa kuwa wagonjwa wengine walikuwa wakisikiliza.

"Nawe ukamjibuje?"

Jenifer aliutazama ukuta. "Nilitaka kuishi," akasema. "Nikakubali."

Obed akachukua bakuli lake, akatoka nje, akaketi chini ya ukuta wa wodi. Zile ndizi zilikuwa bado za moto. Akazila peke yake, kwa mkono ule, mpaka zikaisha.