Sahani za Kuoza

Fundi sahani alikuwa ameeleza mpaka koo likamkauka: sahani zake ni za makapi ya miwa, ukishakula unazifukia shimoni, na baada ya miezi michache ni mbolea. Jumapili ukoo mzima ulizilia chakula, na shimo alikuwa amelichimba mwenyewe nyuma ya nyumba. Jumatano akaenda kulichungulia. Tupu! Hata ganda la ndizi halikuwamo.

"Mama, sahani ziko wapi?" akamuuliza mama mkwe wake, akijikaza asipandishe sauti.

"Nimezihifadhi, mwanangu. Sahani nzima nzima nizizike, kwani zimekufa?"

Bibi huyo akafungua kabati la vioo. Sahani arobaini zilikuwa zimefutwa moja moja kwa kitambaa, zikaanikwa juani, kisha zikapangwa pamoja na vyombo vyake vya harusi. Fundi akashika kiuno. Miaka mitatu alikuwa amehangaika ili watu waachane na plastiki, na sasa kila sahani ilikuwa imevishwa mfuko wake wa plastiki, mdomo umefungwa fundo.

"Nimeogopa zisije zikaoza," mama mkwe akasema, akisubiri kushukuriwa.